Si Kila Patupu ni pa Kujenga

Mtu anayetafuta kiwanja Tumbe hutazama kwanza penye nafasi. Ataona konde la muhogo lililopumzishwa, uwanda wa mawe wenye vichaka, tope kavu linalong'aa chumvi nyuma ya mikoko, bonde lililokwisha kuvunwa mpunga. Atauliza mwenyewe ni nani, bei yake ngapi, na kama gari ya mawe itafika. Swali ambalo sisi tunaoshughulika na mipango ya ardhi huanza nalo, yeye huliuliza mwisho, au haliulizi kabisa: hapa pamebaki wazi kwa kuwa hakuna aliyepataka, au pameachwa wazi kwa makusudi?

Tumbe ipo kilomita chache mashariki ya Konde, katika Wilaya ya Micheweni. Soko lake la samaki linajulikana Pemba nzima, na penye soko watu hawakosi kuongezeka. Kisiwa chenyewe hakifiki kilomita za mraba 1,000. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Pemba watu 406,848. Ya mwaka 2022 ikahesabu 543,441. Ni nyongeza ya watu zaidi ya 136,000 kwa miaka 10, na kila anayeoa anataka mlango wake. Kwa mwendo huo, kila palipo wazi patatamaniwa, na pasipokuwa na mtetezi patajengwa. Ndiyo maana inafaa watu wa kawaida, si maofisa peke yao, waelewe ardhi inalindwaje na masharti ya ujenzi yanatoka wapi.

Katika nchi nyingi ardhi iliyozuiwa kujengwa pembezoni mwa mji huitwa ukanda wa kijani. Mfano unaotajwa zaidi ni wa Uingereza. Mwaka 1938 Bunge la huko lilipitisha sheria ya kuzihifadhi ardhi za wazi kuizunguka London, kwa kuwa mji ulikuwa ukimeza vijiji kimoja baada ya kingine kwa kufuata reli na barabara. Mwaka 1955 waziri aliyehusika na nyumba, Duncan Sandys, akatoa waraka wa kuzihimiza halmashauri nyingine nazo zichore mikanda yao. Leo mikanda hiyo imechukua takribani asilimia 12 ya ardhi ya England.

Wengi hudhani kuwa ukanda huo unalindwa kwa uzuri wake. Sivyo. Ndani yake mna misitu na mito, lakini mna pia malisho yaliyochoka, machimbo ya zamani ya kokoto na mashamba ambayo hakuna atakayeyapiga picha. Kinacholindwa ni uwazi wenyewe. Sababu rasmi ni tano: mji usitambae ovyo, miji jirani isiungane, mashamba yasivamiwe, mji wa kale ubaki na mandhari yake, na wajenzi walazimike kuzitumia kwanza ardhi zilizochakaa ndani ya mji. Nyumba mpya hukataliwa kwa kawaida. Banda la mkulima, kiwanja cha mchezo, makaburi, au nyumba inayojengwa mahali pa ile ya zamani bila ya kuizidi sana kwa ukubwa, hivyo vyaweza kuruhusiwa. Anayetaka zaidi ya hapo kwa kawaida ni lazima aonyeshe sababu ya kipekee kabisa, na kupenda faida ya kuuza viwanja si mojawapo.

Huku pwani yetu wazo la kuacha nafasi kati ya makaazi na makaazi lilifika likiwa na doa. Dar es Salaam ya wakati wa Waingereza iligawiwa kanda tatu, ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi baina ya Uhindini na Kariakoo kuwatenganisha watu kwa kisingizio cha afya. Uwazi ule ulikuwa wa kuwaweka watu mbali. Kwa hiyo mzee anaposikia ofisa anasema hapa hapajengwi, akashuku, simlaumu. Zanzibar nayo ilipata sheria yake ya mipango ya miji na vijiji mwaka 1955, mwaka ule ule wa waraka wa Sandys, na sheria hiyo ya kikoloni iliendelea kutumika miaka mingi baada ya Mapinduzi. Kazi ya kizazi chetu ni kuuhifadhi uwazi kwa sababu zetu wenyewe, na sababu hizo Tumbe zipo nyingi.

Kabla ya kuzitaja, kuna jambo la msingi kuhusu umiliki. Zanzibar mwenye shamba hamiliki ardhi kwa maana ambayo Muingereza anaimiliki. Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992 inasema ardhi yote ni ya umma na imekabidhiwa kwa Rais kwa niaba ya wananchi. Raia hupata haki ya kuitumia. Haki hiyo ina nguvu: inarithiwa, inahamishika, haichukuliwi ovyo. Lakini ni haki yenye masharti, na sharti moja kubwa ni kuitumia ardhi kwa kazi iliyokusudiwa. Hata miti inaweza kuwa na mwenyewe mbali na mwenye ardhi, jambo ambalo Mpemba yeyote aliyekulia kwenye mikarafuu analijua bila ya kusoma sheria: mikarafuu ya fulani, na chini yake muhogo wa mwengine.

Ndiyo maana karatasi ya mauziano haitoshi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilitaifisha ardhi, na familia zaidi ya 20,000 zikapewa eka tatu tatu. Zilitolewa zilimwe. Mwenye eka ya namna hiyo anapoikatakata viwanja na kuvinadi bila ya idhini, anauza kitu ambacho hakupewa. Mnunuzi naye anaweza kuwa na mashahidi wanne, barua ya sheha na risiti ya fedha, na bado akawa hana haki ya kuweka msingi. Sheha ni shahidi muhimu na mjuzi wa mipaka. Barua yake haigeuzi shamba kuwa kiwanja.

Sasa tuingie Tumbe. Ulinzi wa ardhi pale haukuletwa na sheria moja. Umekuja vipande vipande, kila kipande na ofisi yake, na ugumu wa mwananchi kuuelewa unaanzia hapo hapo.

Kipande ambacho watu hukikosea zaidi ni kile kisichoonekana. Chini ya mashamba ya Tumbe kuna mji. Wataalamu wa mambo ya kale wakiongozwa na Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba hapo mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakakuta makaazi yaliyodumu kuanzia karne ya 7 hadi ya 10, yakienea zaidi ya hekta 20. Watu wale walijenga kwa miti na udongo, kwa hiyo hakuna ukuta uliosimama. Walichoacha ni vigae vya vyungu, vifaa vya kusagia shanga kwa wingi wa kushangaza, vyombo vilivyoletwa kutoka Ghuba ya Uajemi, na udongo wa kuta ulioungua. Anayepita juu yake na jembe haoni kitu ila vigae, na vigae vipo kila mahali.

Baada ya mji huo kuhamwa, jirani yake pakainuka Chwaka, kati ya karne ya 11 na ya 16. Huko ndiko yaliko magofu ambayo watu wa Tumbe huyaita ya Haruni, yenye msikiti na makaburi ya mawe. Mapokeo yanamtaja Haruni kuwa mtoto wa Mkamandume, yule mtawala wa Pujini ambaye jina lake bado linatajwa Pemba kwa ukali. Pale Chwaka watafiti walipekua hata punje zilizoungua jikoni mwa watu wa kale. Tumbe ya mwanzo walikula zaidi uwele. Chwaka, mpunga ukatawala. Tukiila leo wali tunaendeleza mabadiliko yaliyotokea kwenye ardhi hiyo hiyo, na ushahidi wake ni punje zisizozidi ukubwa wa kichwa cha sindano, zilizolala chini kwa karne kadhaa bila ya kuguswa.

Msingi wa nyumba moja ya vyumba vitatu unatosha kuumaliza ushahidi huo. Shimo la karo ni baya zaidi, kwa sababu linakwenda chini moja kwa moja hadi mwambani na kuzichanganya tabaka zote za karne hizo kuwa lundo moja. Zanzibar ina sheria ya kuhifadhi mambo ya kale tangu enzi za ukoloni, Sura ya 102, inayokataza kuharibu, kubadilisha au kujenga juu ya eneo lililotangazwa kuwa la kumbukumbu. Tatizo ni kwamba jicho la kawaida huyaheshimu magofu kwa kuwa yana kuta, na hulidharau shamba kwa kuwa halina. Kwa mtaalamu thamani iko kinyume chake mara nyingi: ukuta umeshasema mengi ya siri zake; udongo bado. Kama ningepewa nafasi ya kuulinda uwanja mmoja tu Tumbe usiwekwe tofali hata moja, ningechagua makonde ya muhogo yenye vigae.

Tukishuka pwani tunakuta mikoko. Mikoko yote ya Zanzibar ni msitu wa Serikali, hata ile iliyoota mbele ya shamba la mtu, na kuikata bila ya kibali ni kosa. Hilo linajulikana, ingawa kuni za kuchemshia dagaa na boriti za kujengea bado hutoka humo. Jambo lisilojulikana vizuri ni hadhi ya ule uwanda mtupu ulio nyuma ya mikoko.

Mikoko hujipanga kwa safu. Mlilana husimama mbele baharini, mkoko na msinzi hufuata, mkandaa na mchu huja nyuma. Nyuma ya mchu pana tope gumu lililopauka kwa chumvi, halioti kitu, na kwa siku nyingi za mwezi ni kavu kabisa. Mtu akipita wakati wa maji mafu ataapa kuwa bahari haifiki. Lakini bamvua linapokuja, maji ya huku kwetu hupanda na kushuka takribani mita 4, na uwanda ule hujaa. Jua huyakausha, chumvi hubaki, na hivyo ndivyo uwanda unavyobaki mtupu: ni mali ya bahari inayorudiwa na mwenyewe mara mbili kwa mwezi.

Bahari sasa inapanda polepole dunia nzima, na Pemba yapo mabonde ya mpunga yaliyokwisha kuingiwa na maji ya chumvi hata wenyewe wakayaacha. Mikoko ikizidiwa na maji mbele huhamia nyuma. Mbegu zake huelea, hunasa kwenye tope la juu zaidi, huota. Uwanda mtupu ndiyo njia yake ya kuhamia. Ukijengwa ukuta hapo, mikoko itabanwa kati ya bahari na saruji, na itakufa pale pale iliposimama. Baada yake hakuna kitakachozuia wimbi, hakuna malezi ya kamba na kaa wala vifaranga vya samaki, na soko la Tumbe litasikia kabla ya ofisi yoyote kuandika ripoti. Anayejenga kwenye uwanda wa chumvi hakati mkoko hata mmoja, na bado anauangamiza msitu mzima.

Ufukweni penye mchanga kuna kanuni ya umbali. Zanzibar nyumba ya kudumu hairuhusiwi ndani ya mita 30 kutoka mstari wa maji kujaa. Tanzania Bara Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60. Nasisitiza: mstari wa maji kujaa ni wa bamvua. Kipimo kikipigwa siku ya maji mafu, mtu anaweza kujenga kwa nia njema kabisa na bado akawa ndani ya eneo lililokatazwa. Njia rahisi ya kuujua mstari huo ni kutafuta majani makavu na takataka ambazo bamvua kubwa la mwisho limeziacha juu ya mchanga, au kumuuliza mvuvi mzee. Na pwani inapokuwa tambarare, mita 30 za ulalo zinaweza kuwa chini ya nusu mita za kimo. Kwa maoni yangu kanuni ya mita 30 ni ndogo kwa sehemu kubwa ya pwani ya Micheweni, na mwenye uwezo wa kurudi nyuma zaidi arudi.

Mabonde ya mpunga nitayasema kwa ufupi, kwa sababu hoja yake ni nyepesi kueleweka ingawa ni ngumu kutekelezwa. Bonde ni mahali maji ya mvua yanapotulia na kuzama. Ukilijaza kifusi ujenge, maji hayaondoki. Yanahamia kwa jirani. Micheweni ina tatizo la ziada: sehemu kubwa yake ni mawe ya matumbawe ya kale, yaliyojaa nyufa, na maji hupita humo kwa kasi bila ya kuchujwa. Karo la nyumba yako na kisima cha jirani vinaweza kuwa vinazungumza chini kwa chini. Nyumba zikisogeleana sana kwenye ardhi ya namna hiyo, kipindupindu hakihitaji mwaliko. Umbali kati ya nyumba na nyumba ambao wazee waliuacha haukuwa ukarimu wa nafasi tu.

Upande wa magharibi, baada ya Konde, upo Msitu wa Ngezi, wenye hekta takribani 1,440, ambao umekuwa hifadhi ya misitu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Huo ndio mabaki makubwa ya msitu mnene uliowahi kuifunika Pemba magharibi kabla ya karafuu. Wakati wa Waingereza iliwekwa humo mashine ya kupasulia mbao, na mivule mingi ikaisha. Kilichobaki kina mpapindi, mti mwembamba wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba peke yake, kina popo wa Pemba ambaye hayupo pengine popote duniani, na ndege wa aina nne ambao mtu akitaka kuwaona ni lazima avuke bahari aje huku. Sheria ya Kusimamia na Kuhifadhi Rasilimali za Misitu Namba 10 ya mwaka 1996 inakataza kulima, kukata, kuchoma na kujenga ndani ya hifadhi ya namna hiyo bila ya idhini. Sheria hiyo hiyo iliwapa wanavijiji nafasi ya kuingia mkataba na Serikali wa kuusimamia msitu ulio kwao. Kati ya 2010 na 2014 mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, ulisaidia shehia zaidi ya 40 za Unguja na Pemba kuandika mikataba hiyo, kuchora ramani zake na kukubaliana pa kukata kuni na pasipokatwa kabisa.

Naipenda njia ya mkataba kuliko njia ya ubao wa onyo, kwa sababu ubao peke yake haujawahi kuulinda msitu. Msitu wa Karura wa Nairobi ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, na bado katika miaka ya 1990 viwanja viligawiwa humo kwa watu wenye nguvu. Kilichouokoa ni Wangari Maathai na wenzake walioingia na miche mikononi mwaka 1998 na 1999, wakapigwa, wakarudi. Tangazo la hifadhi kwenye Gazeti la Serikali lilikuwepo miaka yote hiyo. Wenyeji wanapoujua mpaka na kuwa na sauti juu yake, mpaka hushika.

Kwa hiyo Tumbe ina magofu yaliyo chini ya sheria yake, mikoko chini ya yake, ufukwe chini ya kanuni yake, na Ngezi chini ya yake; juu ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya mwaka 2015 imeunda mamlaka ya usimamizi wa mazingira, ZEMA, ambayo miradi yenye athari ni lazima ipitie kwake kwa tathmini kabla ya kuanza. Ukivitandika vipande vyote hivi juu ya ramani moja, utaona kilichokosekana. Hakuna kipande kinachoilinda ile ardhi ya kati, isiyo msitu, isiyo mikoko, isiyo magofu: makonde na vichaka vilivyo baina ya Konde na Tumbe, na baina ya Tumbe na vijiji vya mashariki yake. Huko ndiko nyumba zinakokwenda, moja moja, kando ya barabara.

Kila nyumba ukiitazama peke yake haina ubaya. Mwenyewe kapata shamba la urithi, karibu na lami, karibu na nguzo ya umeme. Ni nani atamkataza? Lakini nyumba zikishafuatana pande zote mbili za barabara, mashamba ya nyuma hufungwa. Mkulima hupitia uani kwa mtu kwenda kondeni kwake, mbuzi hukosa njia, na kijiji kimoja huingia ndani ya kingine bila ya mtu yeyote kuamua hivyo. Maji na umeme navyo hugharimu zaidi, kwa kuwa bomba la kuhudumia nyumba 100 zilizojipanga kilomita tatu ni refu mara nyingi kuliko la nyumba 100 zilizokaa pamoja. Hili ndilo tatizo ambalo ukanda wa kijani ulibuniwa kulitibu, na ndilo ambalo vipande vyetu vya sheria haviligusi. Mpango wa matumizi ya ardhi wa Zanzibar nzima uliandaliwa mwaka 1995 kwa msaada wa Finland, na mwongo uliopita ukaja mkakati wa kitaifa wa maendeleo ya makaazi na maeneo. Mipango hiyo inasema mambo mazuri. Inasema kwa kipimo cha kisiwa. Mwenye konde la Tumbe anahitaji mstari anaoweza kuukanyaga.

Kuna hoja moja dhidi ya haya yote, nayo ni nzito. Kijana wa Tumbe aliyerudi kutoka dago, kambi ya wavuvi, na akiba yake atajenga wapi? Waingereza wenyewe wanalaumiana kuwa mikanda yao imepandisha bei ya nyumba hata watoto wa wafanyakazi wa kawaida wanashindwa kununua. Mtu anayezuia kujenga pembezoni bila ya kufungua nafasi ndani anamfukuza kijana kwa upole. Siwezi kuutetea ukanda wowote usiojibu hilo.

Jibu naliona ndani ya kijiji chenyewe. Viambo vya Pemba vimekaa kwa ukoo, na kati ya nyumba na nyumba mna viwanja vilivyobaki kwa ugomvi wa mirathi usiokwisha, nyumba zilizoanguka na wenyewe wako Mombasa au Maskati, na nyumba za chini ambazo mtoto angeweza kujenga juu ya baba yake kama msingi ungewekwa kwa hesabu tangu mwanzo. Fundi akiambiwa mapema kuwa nyumba itapandishwa, gharama ya ziada ya msingi na nguzo ni ndogo kuliko kununua kiwanja kipya, kukisafisha na kuvuta umeme. Mirathi ikigawiwa kwa wakati kwa kadhi, kiwanja hakilali. Na Kamisheni ya Ardhi ikipima viwanja vipya kwa pamoja, mahali palipochaguliwa mbali na bonde, pwani na vigae, kijana atapata pa kujenga penye njia ya gari na nafasi ya karo, bila ya kuhitaji kumegewa shamba kimya kimya kando ya barabara.

Mpaka hapo utakapopatikana mpango wa namna hiyo, mnunuzi ajilinde mwenyewe. Nenda ukaione ardhi siku ya bamvua, wala usiende siku ya maji mafu. Tembea ukitazama chini. Vigae vikiwa vingi, ulizia kwa wanaosimamia mambo ya kale kabla ya kulipa hata shilingi. Uliza ardhi ilitolewa kwa kazi gani, kama ni eka za Serikali au la, na miti iliyopo ni ya nani, kwa kuwa mkarafuu haukatwi bila ya kibali hata ukiwa umesimama katikati ya sebule uliyoichora. Peleka jina la mahali na mchoro wake Kamisheni ya Ardhi, na uombe jibu la maandishi kuhusu matumizi yaliyoruhusiwa. Kisha ndipo uende Halmashauri kwa kibali cha ujenzi. Usianze kwa kupeleka mawe na mchanga ukitumaini kuwa lundo litasaidia kuharakisha ruhusa. Aliyejenga bila ya kibali mahali palipokatazwa huwa na nafasi ndogo sana ya kudai fidia nyumba ikivunjwa, na hasara ya kuvunjiwa haina bima kwetu. Muuzaji anayekuhimiza ulipe kabla hujauliza haya amekwisha kukupa jibu.

Na kwa masheha wa Tumbe Mashariki na Tumbe Magharibi, kwa madiwani na kwa wazee: msingoje ramani ije kutoka Unguja. Kaeni na maofisa wa ardhi wa Pemba, na wa misitu, na wa mambo ya kale, kwenye meza moja. Mtembee pamoja kutoka diko hadi magofu ya Haruni, kutoka magofu hadi barabara ya Konde, mkiweka alama pale ambapo kijiji kitakuwa kimefika na hakitaendelea. Wenye mashamba yatakayobaki nje ya alama washirikishwe tangu siku ya kwanza na waelezwe wazi watapata nini badala ya viwanja ambavyo wangeuza. Kazi hiyo inawezekana sasa, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ya kati bado ni konde la muhogo, na kuhamisha mstari kwenye karatasi ni rahisi kuliko kuhamisha familia nyumbani kwake.